Pete na Kikapu: Njia Mbili za Mchezaji wa Kike

Pete ya chuma itumiwayo katika mchezo wa netiboli hufungwa juu ya mlingoti kwa kimo cha mita 3.05 kutoka ardhini. Kikapu cha mchezo wa mpira wa kikapu nacho hutundikwa kwa kimo hicho hicho, bila ya kuzidi wala kupungua. Usawa huu una sababu. Michezo hii miwili ni ndugu waliotoka katika nyumba moja, kisha wakatengana kwa safari. Mmoja ulifika Musoma, Bunda na Butiama, ukawa mchezo wa wasichana wa shule katika mkoa wa Mara. Mwingine ulifika Kinshasa, ukamchukua binti mmoja wa mji huo mpaka Los Angeles. Mwenye kutaka kujua historia ya mchezaji wa kike wa mpira wa kikapu katika Afrika hana budi kuanza na swali hili: kwa nini binti wa kandokando ya Ziwa Viktoria alipewa pete, na binti wa ukingo wa Mto Kongo akapewa kikapu? Jibu halimo katika miili ya mabinti hao, wala katika akili zao. Limo katika historia ya watawala, shule, sheria na mishahara.

Mchezo wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwalimu James Naismith alitakiwa atafute mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kuchumia matunda kwenye kingo za roshani ya ukumbi, akaandika kanuni 13, akawapa vijana mpira. Kimo cha roshani ile, futi 10, ndicho kimo cha kikapu hata leo. Mwaka uliofuata, 1892, Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika Chuo cha Smith kilichokuwa cha wanawake, aliuchukua mchezo huo akaubadili. Aligawa uwanja sehemu tatu, akamweka kila mchezaji katika sehemu yake asivuke, akakataza kunyang'anyana mpira mikononi. Watu wengi wa zama zile waliamini kuwa moyo wa mwanamke hauwezi kustahimili mbio ndefu, na kwamba kusukumana kulishusha heshima yake. Wanafunzi wa chuo hicho waliposhindana mwezi wa Machi 1893, wanaume hawakuruhusiwa kutazama.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 mchezo ulivuka bahari ukaingia Uingereza kwa mlango wa vyuo vya kuwafundisha wasichana ualimu wa mazoezi ya mwili. Huko ulipata sura mpya. Kikapu kiliondolewa, ikawekwa pete isiyo na ubao nyuma yake. Mchezaji alikatazwa kukimbia huku akiudunda mpira. Mwaka 1901 kanuni zilichapwa, na mchezo ukaendelea kuitwa netiboli. Kila mmoja wa wachezaji 7 ana eneo lake, na haruhusiwi kuushika mpira zaidi ya sekunde 3. Kwa hiyo mipaka aliyoichora Berenson kwa ajili ya kuwatuliza watu wa wakati wake ilidumu katika netiboli, hali katika mpira wa kikapu ilifutwa hatua kwa hatua. Huko Marekani kwenyewe wanawake wa vyuo hawakupata uhuru wa kukimbia uwanja mzima, wachezaji 5 kwa 5, mpaka mwaka 1971.

Historia ya michezo hii katika Afrika ilifuata nyayo za bendera. Walimu na wamisionari wa Kiingereza walikwenda na pete kila walikofungua shule ya wasichana. Ndiyo maana nchi zenye sifa katika netiboli ni Australia, New Zealand, Jamaika, Uingereza, Afrika Kusini, Malawi na Uganda, ambazo zote zilikuwa chini ya taji moja. Nchi zilizotawaliwa na Wafaransa, Wabelgiji na Wareno hazikuijua pete. Wasichana wake walipopewa mpira wa mikononi, walipewa ule ule wa ndugu zao wa kiume. Matokeo yalionekana mara tu wanawake wa Afrika walipoanza kushindania ubingwa wa bara katika mpira wa kikapu, mwaka 1966, mjini Conakry, Guinea. Misri, ambayo ina historia yake mbali, ilishinda mwaka huo. Baada yake wakaja mabingwa wa Madagaska, Senegali na Zaire, na baadaye Angola. Senegali peke yake imetwaa ubingwa mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Nigeria ilivunja desturi hiyo iliposhinda mwaka 2003.

Juu ya sababu ya utawala ipo sababu ya ardhi, nayo si ndogo. Mpira wa kikapu hudundwa. Mpira haudundi katika mchanga, wala katika udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika hunata miguuni na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Hutaka sakafu ya saruji na ubao imara wa kuupokea mpira. Netiboli haitaki kitu cha namna hiyo. Milingoti miwili, pete mbili za chuma, mpira mmoja, na kiwanja kilichofyekwa kikasawazishwa kwa majembe ya wanafunzi wenyewe, hivyo vyatosha. Shule maskini ilichagua pete hata pale ambapo hapakuwa na Mwingereza wa kuishauri. Watu husema kuwa michezo huchaguliwa na mapenzi. Mara nyingi imechaguliwa na bei ya saruji.

Mkoa wa Mara waonyesha jambo hili vizuri. Musoma ni mji wa ziwani. Bunda umekaa katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, ziwa likiwa upande mmoja na mbuga ya Serengeti upande wa pili. Butiama ni kijiji cha Wazanaki alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Katika nchi hiyo wanaishi Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wakurya, Wangoreme, Wajaluo na makabila mengine, baadhi yao wafugaji, baadhi yao wavuvi, na karibu wote wakulima. Shule ilikuja kwao kwa uchache, ikaja kwanza kwa wavulana. Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye mtoto wa chifu aliyekwisha timia miaka 12. Kama nafasi ya mtoto wa kiume wa chifu ilichelewa hivyo, nafasi ya binti wa mkulima yaweza kukadiriwa. Wasichana wachache walifika katika shule za masista wa misheni. Mmoja wao alikuwa Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kufunga ndoa na Nyerere mwaka 1953. Netiboli ilikwenda pamoja na shule hizo. Pasipokuwa na shule hapakuwa na pete, na msichana aliyeondolewa shuleni aliondolewa na mchezoni siku ile ile.

Hapa ndipo ulipo uzito wa habari yenyewe. Mchezaji wa mpira hutengenezwa kati ya miaka 12 na 18. Katika miaka hiyo urefu huja, nguvu huja, na mkono hujifunza mambo ambayo mtu mzima hawezi tena kujifunza kwa urahisi. Lakini katika sehemu nyingi za Mara miaka hiyo ndiyo ambayo binti huhesabiwa kuwa tayari kwa jambo lingine. Mahari hulipwa kwa ng'ombe. Ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada ndio watakaotoka kwa ndoa ya kaka, kwa hiyo binti akikawia kuolewa, kaka yake naye hukawia kuoa. Mzazi aliyemtoa binti mapema hakufanya hivyo kwa kumchukia. Alifuata hesabu aliyorithi, ambayo ndani yake hapakuwa na tarakimu ya kuandikia faida ya msichana aliyesoma. Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya jirani zao ndoa ilitanguliwa na tohara ya wasichana, ambayo iliumiza wengi na kuua baadhi. Sheria iliyotungwa mwaka 1998 ilikataza tohara kwa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini desturi haikufa siku sheria ilipotiwa sahihi. Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, uliendelea kuwa mwezi wa hofu, na nyumba za kuwahifadhi wasichana waliokimbia makwao zilifunguliwa katika wilaya za Butiama na Serengeti.

Sheria ya ndoa nayo ilikuwa na mlango wazi. Sheria ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kufikia 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba tofauti hiyo inakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Miaka 45 ilipita kati ya sheria ile na hukumu ya kwanza. Katika muda huo vizazi kadha wa kadha vya wasichana wenye vipaji vilipita katika viwanja vya shule, vikaingia katika ndoa kabla ya mtu yeyote kuandika majina yao katika daftari la michezo.

Mji wa Musoma wenyewe uliwahi kutoa funzo kubwa katika jambo hili, ingawa funzo lile halikuhusu mpira. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua mambo mawili makubwa ya elimu. La kwanza lilikuwa kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi kabla ya mwisho wa mwaka 1977. La pili lilikuwa kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Sharti kwanza alitumikie taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 2. Amri hii ya pili ilikuwa sawa kwa wote. Haikutaja mwanamume wala mwanamke. Lakini miaka ile miwili ya kungoja haikuwa na maana moja kwa wote. Mvulana aliitumia kupata uzoefu wa kazi. Msichana, jamaa zake walimtaka aolewe, na akiisha kuolewa na kuzaa, mlango wa chuo ulikuwa mbali. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka, hata mwaka 1976 serikali ikawaondolea wanawake sharti lile. Funzo lake ni kwamba kanuni iliyo sawa, ikiwekwa juu ya njia zisizo sawa, huzaa matokeo yasiyo sawa. Funzo hilo latosha kueleza sehemu kubwa ya historia ya wanawake katika michezo.

Mwaka ule ule wa 1976, tarehe 27 Julai, alizaliwa Kinshasa mtoto wa kike aliyeitwa Mwadi Mabika. Mwezi huo huo wanawake walicheza mpira wa kikapu katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Montreal, Kanada. Nchi aliyozaliwa Mabika ilikuwa ikiitwa Zaire, na timu yake ya wanawake ilikuwa na nguvu. Ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983, ikautwaa tena mwaka 1986. Kwa hiyo Mabika hakulelewa katika jangwa la michezo. Alikuta mbele yake wanawake wakubwa waliokwisha kushinda, ambao majina yao yalijulikana mjini. Mtoto huthubutu kutamani lile aliloliona likiwezekana.

Mwaka 1994 Zaire iliwashinda wengine wote katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, katika mwaka ambao nchi hiyo yenyewe ilikombolewa kutoka ubaguzi wa rangi. Ushindi huo uliipa Zaire nafasi ya kwenda Atlanta mwaka 1996, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mpira wa kikapu wa wanawake katika Olimpiki. Huko haikushinda hata mechi moja. Wenyeji Wamarekani waliifunga pointi 107 kwa 47, na mwishoni Zaire ilishika nafasi ya 12, iliyokuwa ya mwisho. Katika vitabu vya matokeo habari hiyo yasomeka kama aibu. Katika maisha ya Mabika, aliyekuwa na miaka 20, ilikuwa ndiyo mlango wenyewe, maana aliyefungwa pointi 107 alikuwa ameonekana akicheza.

Bahati ya wakati nayo ilimsaidia. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo wa 1996 wakuu wa mpira wa kikapu Marekani walikuwa wameamua kuanzisha ligi ya wanawake wanaolipwa, WNBA. Mechi ya kwanza ya ligi hiyo ilichezwa tarehe 21 Juni 1997 kati ya Los Angeles Sparks na New York Liberty, mbele ya watazamaji zaidi ya 14,000. Timu zote zilikuwa 8 tu. Mabika alikuwa katika kikosi cha Sparks cha mwaka huo wa kwanza, hali wachezaji wengi wa ligi walikuwa wamepikwa kwa miaka minne katika vyuo vikuu vya Marekani.

Yafaa kuitazama kalenda ya mwaka huo. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila, yaliyotoka mashariki ya Kongo, yaliingia Kinshasa, na wengi wa askari vijana waliokuwamo walisema Kiswahili, lugha ambayo wakazi wengi wa mji ule hawakuizoea. Mobutu alikuwa amekwisha kimbia. Jina la Zaire lilifutwa, nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi mmoja na siku chache baadaye ligi ya Marekani ilifunguliwa. Mabika alikuwa ameondoka katika nchi yenye jina moja, akaanza kazi yake akiwa raia wa nchi yenye jina jingine, na vita vilivyofuata viliendelea kuila nchi hiyo katika muda wote wa ujana wake wa michezo. Timu ya taifa iliyompeleka Olimpiki haikurudi tena huko. Katika habari za wachezaji wa Afrika kushinda kwa mtu mmoja na kuanguka kwa chombo kilichomlea hutokea pamoja mara nyingi.

Huko Los Angeles alidumu. Katika miaka minne ya kwanza ya ligi, 1997 hata 2000, ubingwa ulikuwa wa Houston Comets bila ya mwenzake. Sparks, iliyokuwa na mchezaji mashuhuri Lisa Leslie, ilijijenga taratibu, na Mabika akawa miongoni mwa nguzo zake, mfungaji wa mbali na mlinzi mgumu. Mwaka 2000 alichaguliwa kucheza katika mechi ya nyota wa ligi, akachaguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2001 Sparks iliishinda Charlotte Sting katika fainali na kuutwaa ubingwa. Mwaka 2002 iliishinda New York Liberty na kuutwaa mara ya pili. Mabika alichezea Sparks mpaka mwaka 2007, kisha akachezea Houston Comets mwaka 2008. Mwishoni mwa mwaka huo timu ya Houston ilivunjwa kwa kukosa mnunuzi, ingawa ilikuwa imetwaa ubingwa mara nne. Hata katika nchi tajiri, basi, kazi ya mwanamke mchezaji ilikaa juu ya msingi mwembamba, na wachezaji wengi wa ligi hiyo walilazimika kwenda Ulaya wakati wa baridi ili kujazia kipato.

Kazi ya Mabika yaonyesha vitu vitatu vilivyo nje ya kipaji. Cha kwanza ni mchezo uliokuwa na njia mpaka Olimpiki. Cha pili ni timu ya taifa iliyosafiri. Cha tatu ni ligi iliyolipa mshahara. Msichana wa Musoma aliyezaliwa mwaka ule ule, mwenye urefu ule ule na mkono ule ule, hakuwa na hata kimoja. Netiboli haijapata kuchezwa katika Olimpiki. Iliingia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 tu, na ligi kubwa ya kulipwa ya Australia na New Zealand ilianzishwa mwaka 2008, mwaka ambao Mabika alikuwa akimaliza. Kuwa njia ya pete ilifika mahali mwishowe kumethibitishwa na Mwai Kumwenda wa Malawi, mfungaji aliyekwenda kucheza New Zealand, kisha akajiunga na Melbourne Vixens ya Australia mwaka 2017 na kutwaa nayo ubingwa mwaka 2020. Njia hiyo, basi, haikuwa imefungwa kabisa. Ilichelewa, na katika maisha ya mchezaji kuchelewa kwa miaka 10 ni sawa na kukosa.

Hata hivyo, urithi wa ukoloni si hukumu isiyokatiwa rufaa. Kenya ilitawaliwa na Waingereza kama Tanganyika, lakini wanawake wake waliuchukua mpira wa kikapu kwa bidii. Mwaka 1993 walishika nafasi ya pili katika Afrika, na mwaka 1994 walicheza mashindano ya dunia huko Australia. Walishika nafasi ya mwisho kati ya timu 16, lakini walifika. Sababu mojawapo ya nguvu hiyo yaonekana Mombasa, ambako Halmashauri ya Bandari ya Kenya imedumisha timu ya wanawake iliyoshindana na vilabu vikubwa vya bara. Mchezaji anayeajiriwa bandarini ana mshahara wa mwezi na saa za mazoezi, wala hamngojei mfadhili. Rwanda nayo, nchi ndogo kuliko nyingi, iliandaa mashindano ya Afrika mjini Kigali mwaka 2023, na wanawake wake wakafika nusu fainali. Nchi hizi hazikubadili urithi wao kwa maneno. Zilijenga sakafu, zikaajiri, zikaweka kalenda ya mashindano isiyovunjwa.

Tanzania haikukosa mwanzo mwema. Katika Michezo ya Afrika ya kwanza, iliyofanyika Brazzaville mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Theresia Dismas alipata medali ya fedha kwa kurusha mkuki. Mwaka 1967 serikali ilitunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Mashindano ya shule za msingi na sekondari, yajulikanayo kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yaliwakutanisha watoto wa mikoa yote, na kwa wasichana wengi wa Bunda au Butiama safari ya kwenda kuichezea wilaya ndiyo iliyokuwa safari yao ya kwanza ya kulala mbali na nyumbani bila ya kwenda kwa jamaa. Nchi hii ilipompeleka mtu katika ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, alikuwa mwanamume, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009. Alianza mchezo huo akiwa kijana mkubwa tayari, naye alifika. Mvulana mrefu aliyechelewa kuanza alipata muda wa kujifunza akiwa na miaka 16. Msichana mrefu wa umri huo, katika vijiji vingi vya Mara, muda wake ulikuwa umekwisha gawiwa na watu wengine.

Wapo wasemao kuwa kuwahesabia wasichana maskini mechi na medali ni kupoteza wino, kwa kuwa mahitaji yao ni maji, zahanati na vitabu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini husahau jinsi mambo hayo yanavyoshikana. Timu ya shule huwa na orodha ya majina. Mwalimu wa michezo huwa mtu mzima mwingine, nje ya ukoo, ambaye hugundua kwamba mchezaji hakuja Jumatatu, akauliza sababu. Mashindano ya wilaya hutoa tarehe, na msichana anayengojewa na wenzake tarehe 10 ni vigumu kumwoza kimyakimya tarehe 5. Kiwanja cha netiboli hakimlindi mtu kwa pete yake. Humlinda kwa macho ya watu wanaokizunguka, ambao wamekwisha kumjua kwa jina na wanataka kumwona tena.

Kwa hiyo historia ya Mwadi Mabika isisomwe Musoma kama ngano ya binti mmoja mwenye bahati. Isomwe kama hesabu ya vitu vilivyohitajika: timu ya wakubwa ya kuigwa na wadogo, shule isiyompoteza msichana katika mwaka wake wa 15, sakafu ambayo mpira hudunda, na mwajiri anayelipa mwisho wa mwezi. Kinshasa ilikuwa na baadhi ya vitu hivyo kwa muda mfupi kabla ya vita, na muda huo mfupi ulitosha kumtoa mtu mmoja. Mara inavyo vipande vyake: viwanja vya udongo, walimu, mashindano ya shule kila mwaka, na tangu mwaka 2019 hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya nchi inayosema kuwa miaka ya ujana wa msichana ni mali yake. Watakaoandika historia ya michezo ya mkoa huu miaka 30 ijayo watahesabu ni wasichana wangapi walioanza kidato cha kwanza wakiwa na mpira, na ni wangapi waliokuwa nao bado walipomaliza kidato cha nne.